Namna Tulivyoukimbiza Mji wa Bunia kwa Sufuria Tatu

Vijana wa atelye, karakana yetu ya filme, wameniletea daftari jipya wakaniambia: Mama Mikro, sasa umetoka kazini, andika yote unayoyajua kabla hujayasahau. Nimewashukuru kwa adabu hiyo. Yote ninayoyajua yanajaza kurasa nne, na moja kati ya hizo ni namna ya kukunja waya usikatike. Waya unakunjwa kwa kufuata mviringo wake wenyewe, hauzungushwi kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi. Basi, ukurasa huo umekwisha.

Habari za vyeo na mishahara mtaulizana wenyewe kule ofisini. Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Nilianza katika redio ndogo ya hapa Bunia, nikamalizia katika shule yetu ya filme, na miaka hiyo yote kazi yangu ilikuwa kushika mikro na kuwaambia watu wanyamaze. Nitaandika kwa Kiswahili cha kitabu, maana mwalimu wangu wa shule ya msingi bado yu hai na macho yake ni mazima. Lakini watu wangu nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa kwetu.

Siku ya kwanza redioni nilipokelewa na Papa Kasiano, fundi wa sauti, mzee mwembamba wa koti la kaki. Sikio lake la kushoto alikuwa ameliacha Mongbwalu, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ndiyo, fundi wa sauti mwenye sikio moja. Nilidhani nimekosea mlango. Alinikalisha uani juu ya kreti ya bia, akanifunga macho kwa kitambaa cha mke wake, akaniambia nimtajie kila ninachokisikia. Nikataja jogoo, pikipiki, mtoto anayelia. Akaniuliza: na bati? Kumbe bati la paa lilikuwa linalia taratibu likipata jua, na mimi niliyekulia chini ya bati sikuwahi kulisikia. Alinifanyia hivyo wiki mbili. Majirani walipeana habari kwamba ananitibu macho.

Ni yeye aliyenifundisha kutengeneza fimbo ya mikro kwa mwanzi, na kofia ya mikro kwa sponji ya godoro iliyovikwa soksi ndefu ya mwanamke ili upepo usiingie. Soksi nilitumwa mimi kuzinunua, na kwa kuwa mikro ilikuwa moja, niliomba soksi moja. Mama aliyeziuza alinitazama miguu yote miwili, akanipa, akaniambia nimsalimie yule ndugu yangu wa mguu mmoja.

Nilihamia shule ya filme katika miaka ile iliyoitwa ya amani. Soko lilifunguliwa, harusi zilifungwa, magari ya walinda amani yalipita na antena zao ndefu, na sisi tulilala na viatu karibu na mlango. Kila mtu alijua, bila kufundishwa, njia ya haraka kutoka kitandani kwake mpaka uwanja wa misheni. Sasa katika hali hiyo mnafikiri wanafunzi walitaka kutengeneza filme za nini? Mapenzi? Hapana. Mizimu. Kila mwaka, darasa zima, mizimu mitupu.

Mnaniuliza kila siku kipimo: kicheko kiasi gani, hofu kiasi gani, kama vile ni chumvi. Sijui. Ninachojua ni kwamba mwanafunzi mmoja wa miaka ya kwanza alitengeneza filme ya damu. Damu yenyewe ilikuwa nyanya za mkebe na mawese, ndoo nzima. Mifupa inayovunjika niliitengeneza mimi kwa kuvunja miwa karibu na mikro, na ilivunjika vizuri sana, ila ilibidi tuanze tena mara nyingi kwa sababu watu wa kamera walikuwa wanaila mifupa. Maiti alilazwa uani. Kuku akaja kumdonoa nyanya shavuni, mbwa akaja kumlamba shingo, na maiti, ambaye alikuwa mtu wa kutekenyeka, akacheka mpaka akajikunja. Filme ilipoonyeshwa kwa majirani, walicheka pale pa kuku. Ilipofika damu yenyewe, ile ya kutisha, waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao kimya. Mama mmoja alisimama mbele ya yule mwanafunzi, akamwambia bila hasira: "Mutoto, ile tuliona. Utuonyeshe ingine." Nilimhurumia yule kijana, lakini nilimhurumia zaidi yule mama. Tangu siku ile damu ilipigwa marufuku katika atelye yangu. Miwa niliiruhusu.

Sasa nifike kwa Furaha, kwa sababu najua ndiye mnayemngojea.

Furaha alikuwa mwaka wa tatu, yaani wa mwisho. Kwa umri wake angekuwa amemaliza zamani, lakini mwaka mmoja vita viliifunga shule, na mwaka mwingine familia yake ilikimbilia kwa wajomba upande wa Irumu, wakalima huko mpaka mavuno mawili. Direkta wetu alikuwa amemwambia wazi: filme yake iwe mbele ya juri ya watahini mwezi ule, la sivyo jina lake linafutwa na harudii tena. Msichana huyu hakuitaka diploma ili aitundike ukutani. Aliniambia siku moja, tukikunja waya, kwamba tangu utoto wake hajawahi kukimaliza kitu alichokianza, hata shule, hata kitambaa cha kufuma, kwa sababu kila mara katikati inatokea mbio. Alitaka kumaliza kimoja tu.

Senario yake, yaani hadithi ya filme, ilikuwa hivi. Mama mkwe amekufa kabla hajaridhika na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya mke wa mwanawe. Basi anarudi. Haji kunyonga mtu wala kunywa damu. Anakuja kila siku wakati wa chakula, amevaa nguo yake ya kuzikiwa, anafunua sufuria, anaonja, anatikisa kichwa. Mume haoni kitu, anakula tu na kusifu. Mke anaona kila kitu na anakonda. Nilipoisoma nilicheka, halafu nikamkumbuka mama mkwe wangu mwenyewe, nikafunga dirisha.

Mzimu huyo aliigizwa na Mama Yuditi, jirani yangu wa avenyu moja, muuzaji wa maharage na makayabo, samaki wa chumvi, mjane mwenye watoto watatu. Hakuwa ameigiza maishani, lakini ulimi wake ulijulikana. Matanga yakiwa mazito mno, siku ya tatu walimwita kusudi akae karibu na wafiwa, na kabla ya chai kuisha mtu mmoja alikuwa amecheka na kuona haya. Mke aliigizwa na Neema, mwanafunzi mwenzake Furaha. Kamera ilishikwa na Inosenti, kijana mrefu, mpole, mwenye woga wa popo.

Usiku tuliutengeneza saa nne asubuhi, kwa kufunika madirisha na mablanketi, kwa maana usiku wa kweli hakuna aliyekuwa tayari kutoka na kamera. Mle ndani joto lilikuwa la kuoka mkate. Mama Yuditi alipakwa unga wa muhogo usoni, akaingia, akafunua sufuria, akaonja, akatoa macho, akasema kwa sauti ya kuzimu kwamba sombe hii ndiyo iliyomuua. Neema akaanguka kwa kicheko. Tukarudia. Akaanguka tena. Mara ya kumi na moja Inosenti naye alicheka, kamera ikatikisika, na unga ulikuwa umeanza kuwa ugali kwenye kidevu cha mzimu. Furaha alikaa chini akashika kichwa. Alisema filme yake inakufa kwa kuchekesha.

Hapo ndipo nilipotoa mchango wangu mmoja wa maana katika sanaa. Nilimwomba Mama Yuditi aache kutisha. Asitoe macho, asiseme neno. Aonje tu kama anavyoonja nyumbani kwake, halafu agonge kijiko kwenye ukingo wa sufuria kukikung'uta, polepole, mara tatu. Akafanya hivyo. Ko. Ko. Ko. Neema hakucheka. Machozi yalimlengalenga, na baadaye alituambia aliona kweli kwamba amepika vibaya maisha yake yote. Ilitisha, na bado ilikuwa mama mkwe na kijiko.

Kazi ikaenda vizuri, tukabakiwa na tukio moja. Mke amechoka, anachukua sufuria tatu anazigonga ili majirani waje wamwone mzimu. Ninyi mliozaliwa juzi niwaeleze. Miaka ile, watu wabaya wakiingia kartiye, yaani mtaani, wa kwanza kuwaona alichukua sufuria akaigonga. Jirani akisikia hakuuliza nani wala wapi. Alichukua yake akaigonga pia, akabeba watoto, akaenda. Hivyo habari ilivuka mji kabla ya gari lolote. Inosenti, mtu wa woga, yaani mtu wa akili, alisema Neema agonge polepole na mimi niongeze sauti baadaye kwenye montaji, tukiunganisha picha na sauti. Nilikataa. Nilisema kwa kujivuna kwamba sufuria ya uongo inasikika kuwa ya uongo, na kwamba mimi, mwanafunzi wa Papa Kasiano, siwezi kutoa kazi ya namna hiyo. Hilo ni kosa langu na nimeliandika kwa mkono wangu, msiwalaumu wengine.

Hatukuwa wajinga kabisa. Tulimwarifu Shefu wa kartiye, mtu mnene wa heshima, mwenye megafoni aliyoipenda. Jioni ya kabla ya siku hiyo alipita avenyu yetu mara mbili akitangaza: "Kesho saa ine ya asubui batu ba filme batapiga sufuria. Haiko vita. Mutulie." Watu walitulia kupita kiasi. Asubuhi walikuja kutazama, wameleta mabenchi, na mmoja alileta mandazi ya kuuza. Shefu mwenyewe alikaa mbele, megafoni mapajani.

Safari hii tulipiga picha nje, mlangoni, Inosenti ameisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu ikitazama barabara. Mama Yuditi alisimama nyuma ya Neema na unga wake mpya. Mimi nilikuwa na kaske masikioni, mashine ya kurekodi begani, fimbo ya mikro mkononi. Furaha akasema twende. Neema akagonga. Sufuria ndogo, sufuria ya kati, na ile kubwa ya harusi tuliyoiazima. Wapendwa, sauti safi namna ile sijaipata kabla wala baada. Nilifumba macho kwa utamu.

Nilipofumbua, nilisikia sufuria ya nne. Ilitoka ng'ambo ya mto Nyamukau, ambako Shefu hakupita na megafoni yake, kwa sababu ng'ambo ile si kartiye yake na yeye ni mtu wa mipaka. Nikafikiri ni mwangwi. Lakini mwangwi hauongezi mwendo. Ikaja ya tano, ya sita, filimbi, mabati, zikapanda kuelekea sokoni, zikazunguka nyuma kule kwenye njia ya uwanja wa ndege, na baada ya muda mfupi zikaturudia kwa upande mwingine, nyingi, kutoka mahali ambapo sisi hatukupiga kitu.

Neema aliacha kugonga. Kisha yule muuza mandazi akasema lile ambalo sote tulikuwa tunalifikiri: "Ile ya siye ni filme. Sasa ile ya bale?"

Tukakimbia. Sisi. Watu walioarifiwa. Watu waliokuwa na sufuria zenyewe mkononi. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijapata namna ya kulieleza ili lionekane la akili. Tulijua kabisa kelele ile ni mtoto wetu tuliyemzaa dakika chache kabla, lakini alirudi mkubwa, na hatukumtambua. Inosenti aliiacha kamera imesimama inafanya kazi. Mtu mmoja alikimbia na mlango wa nyumba yake, aliung'oa, sijui kwa nini. Kijana aliyekuwa kwa kinyozi alipita na nusu ya nywele. Benchi moja lilikimbia na watu wawili, kila mmoja ameshika upande wake. Shefu alituacha wote nyuma, megafoni mdomoni, akitangaza "Musikimbie! Musikimbie!" na kila akitangaza aliongeza mwendo.

Na mimi nilikimbia, kaske masikioni, fimbo ya mikro mkononi, mashine begani bado inarekodi. Kando yangu alikimbia Mama Yuditi na nguo yake ya kuzikiwa. Kwa bahati, au sijui niiite nini, mikro ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake. Alikuwa anaita watoto wake. Katika kaske nilimsikia kama vile yuko ndani ya sikio langu. "Pasikali! Zawadi! Joni! Dodo!" Halafu tena, kwa mpangilio uleule, Pasikali, Zawadi, Joni, Dodo.

Nimesema Mama Yuditi alikuwa na watoto watatu. Dodo alikuwa wa nne. Alikuwa na miaka sita. Alipotea njiani katika mbio za kwanza, miaka mingi kabla ya hapo, katika watu wengi, na hakuonekana tena. Avenyu nzima ilijua, na kwa miaka yote tuliyokaa jirani sikuwahi kulisikia jina lake likitoka kinywani mwa mama yake. Nilitaka kuvua kaske. Mkono mmoja ulikuwa na fimbo, mwingine umeshika mashine. Nikakimbia hivyo hivyo naye mpaka misheni.

Uwanjani pale mji ulikuwa umejaa. Baada ya kupumua, wazee walianza kuulizana nani amewaona. Hakuna aliyewaona. Watu wa sokoni walisema wamesikia kwa watu wa ng'ambo ya mto. Watu wa ng'ambo ya mto walisema wamesikia kwetu. Vichwa vikageuka, avenyu kwa avenyu, mpaka vikafika kwa mwanamke aliyepakwa unga, amevaa nguo ya maiti, anahesabu watoto wake watatu. Mzee mmoja alijipiga msalaba akamuuliza kwa upole kama amekufa leo asubuhi au jana. Mama Yuditi alimjibu kwamba alikufa zamani, ila sombe imemrudisha. Ndipo watu walipoanza kukasirika.

Walikuwa na haki. Soko lilifungwa mpaka alasiri. Harusi moja iliahirishwa kwa sababu bwana harusi alikimbia na hakurudi hadi Jumatatu. Shefu aliitia kadi ya kamera mfukoni, akasema ataifuta mbele ya wazee. Direkta naye alimwita Furaha, akamwambia shule haiwezi kupeleka mbele ya juri filme iliyotia mji mbio, na kwamba anasikitika. Zilibaki siku sita kabla ya juri. Furaha alikuja kukaa karibu na meza yangu. Hakulia. Aliniambia tu: "Mama, umeona? Imekatwa tena." Mimi, niliyetaka sufuria ya kweli, nilijiona mtu mbaya kuliko mizimu yote tuliyowahi kuipiga picha.

Kesho yake tulikwenda kwa Shefu, Furaha na mimi. Wazee watano walikuwa wamekaa sebuleni, na mke wa Shefu amesimama mlangoni. Furaha alipiga goti, akaomba msamaha, akasema anakubali kadi ifutwe. Aliomba kitu kimoja: waitazame kwanza, ili wajue wanafuta nini. Shefu aliona ni haki. Tukaunganisha kamera na televisheni yake.

Walitazama kelele ikianza, nyuso zikiwa ngumu. Kisha barabara ikawa tupu kidogo, na katika utupu huo akapita mtu mnene mwenye megafoni, magoti yanafika kifuani, sauti yake inawaamuru watu watulie. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine alikohoa zaidi. Halafu mke wa Shefu, pale mlangoni, akateleza mpaka chini akicheka, akasema ameolewa na mtu huyu miaka ishirini na hakujua ana mbio. Basi ikawa imekwisha. Ule mlango ulipopita na mwenyewe, wazee walipigana magoti. Waliomba irudishwe mara nne. Shefu alijitetea kwamba alikuwa anawahi kupeleka habari kwa wakubwa, na kwa sharti kwamba jambo hilo lieleweke, alituandikia barua ya ruhusa yenye mihuri miwili. Barua hiyo ndiyo iliyomlainisha Direkta. Alikuwa mtu wa mihuri.

Tukaingia kwenye montaji. Furaha aliamua mbio za mji ziwe ndiyo mwisho wa filme: mke anagonga sufuria, mji mzima unakimbia, mzimu naye anakimbia kwa kuogopa. Picha zilikuwa tayari. Sauti ilikuwa yangu, na ndani ya sauti yangu kulikuwa na lile jina. Nilimwambia Furaha tulikate. Ni neno moja, hakuna atakayejua, na filme ya sombe haiwezi kubeba kitu kizito namna hiyo. Nilizungumza kwa ufundi, lakini ukweli nilikuwa naogopa. Furaha alisikiliza, akasema neno hilo si letu, si sisi wa kulikata wala wa kulibakiza. Akaenda kumwita mwenyewe.

Mama Yuditi alikuja na beseni lake la maharage, akaliweka chini, nikamvika kaske. Alisikiliza akitazama ukuta. Akaomba asikilize tena. Akavua kaske, akaishika mapajani.

"Ile ni sauti yangu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Sikujua kama nilimwita."

Aliinama, akaokota maharage mawili yaliyoanguka, akayarudisha kwenye beseni. Kisha akasema: "Muache. Lakini mupunguze zile sufuria kidogo. Ziko namufunika."

Nilizipunguza. Sufuria zangu safi, zile nilizofumbia macho, nilizishusha mpaka jina likasikika. Ni kazi niliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote, na ilinichukua siku nzima kwa sababu nilikuwa nafuta machozi kila mara na mikono ilikuwa inalowanisha vifungo.

Siku ya juri chumba kilijaa. Tulionyesha saa nane mchana ili watu wawahi nyumbani. Mbele walikaa juri, mwenyekiti akiwa profesa mkavu mwenye karatasi ya maswali. Nyuma walikaa watu wa avenyu na wa ng'ambo ya mto, waliokuja kujiangalia. Furaha alisimama kando ya ukuta, amekunja vidole.

Walicheka kwenye sombe. Walinyamaza kwenye kijiko. Ilipofika barabara walilia kwa kicheko. Kila mtu alimwonyesha mwenzake, mwenye mlango alisimama akapigiwa makofi, Shefu alieleza tena kwa sauti habari ya wakubwa. Na katikati ya kicheko hicho sufuria zikashuka, sauti ya mama ikapanda. Pasikali. Zawadi. Joni. Dodo.

Kicheko kilikufa kuanzia nyuma, kwa watu wa avenyu, kikaenda hadi mbele. Picha ya mwisho ikazimika. Nilimwona Furaha amefumba macho, na nilijua anafikiri ameiua filme yake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya juri. Mimi nilifikiri hivyo pia.

Mama Yuditi alikuwa kwenye safu ya tatu, katikati ya watoto wake. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Huyu Dodo," akasema, kwa sauti ileile ya matanga siku ya tatu, "hata wakati alikuwa hai, ulikuwa unamwita mara kumi, haitike. Mutoto mukaidi sana."

Pasikali, mtoto wake mkubwa, ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Zawadi. Halafu chumba kizima kilicheka na kulia pamoja, watu wameshikana mabega, na mtu mmoja nyuma akasema ni kweli, huyo mtoto aliwahi kumwibia maembe na alipoitwa alijifanya kiziwi. Mwingine akakumbuka alivyokuwa akifukuza kuku wake. Mama Yuditi alikuwa anageuka huku na huku kuwasikia, kama mtu anayegawiwa zawadi.

Mwenyekiti wa juri aliikunja karatasi yake ya maswali. Alimwambia Furaha kwamba juri haina la kuuliza, na kwamba diploma ni yake. Watu wakaanza kupiga makofi, lakini Mama Yuditi aliinua mkono.

"Diploma ni vizuri, mutoto wangu, hongera. Sasa rudisha kidogo pale nyuma. Nimwite tena."

Furaha akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akasema turudishe. Tukarudisha.